Mgonjwa Haulizwi Uji: Mituweli na Uamuzi wa Kwenda Hospitali

(Hotuba iliyosomwa na mjumbe wa afya wa Kamati siku ya ukumbusho wa kambi yetu, mbele ya wakaaji, viongozi wa vijiji, wahamasishaji wa afya na wageni kutoka mashirika. Tunaichapa kama ilivyosomwa, kwa ombi la wengi waliokosa nafasi ya kukaa ndani ya ukumbi.)



Katika siku kama ya leo huwa tunahesabu miaka. Wako kati yetu waliovuka mpaka mwaka 1996, wako waliovuka mwaka 2012, na wako waliokuja mwaka 2022 na baadaye. Tunawakumbuka pia tuliowazika hapa. Kamati imeniomba niseme juu ya afya, nami nimechagua jambo moja tu: kwa nini mtu mgonjwa anakwenda kwa muganga, au anabaki nyumbani, na bima ya afya, ile tunayoiita mituweli, inabadilisha nini katika uamuzi huo.

Nimechagua jambo hilo kwa sababu linatugusa sasa. Hapa kambini tumezoea kutibiwa bure katika kituo chetu, na ugonjwa ukizidi shirika linalipia rufaa kwa kufuata vipaumbele na pesa iliyopo. Lakini sote tumesikia habari za upungufu. Mwaka 2025 UNHCR yenyewe ilitangaza kwamba inafuta nafasi za kazi kama 3,500 duniani, maana misaada imepungua. Kwa upande mwingine, vijana wetu wengi wanatafuta kazi mjini, na watoto wanasoma nje ya kambi. Mwaka 2019 serikali ya Rwanda na UNHCR walikubaliana kuwaingiza wakimbizi wa mijini katika mituweli ya taifa, pamoja na wanafunzi wanaosoma mbali na kambi. Kwa hiyo neno mituweli limeingia katika nyumba zetu, na mabishano yameingia pamoja nalo. Wengine wanasema: "Nilipe ugonjwa ambao sina?" Wengine wanasema: "Wanataka kututoa katika mikono ya mashirika." Wengine wanangoja kuona jirani atafanya nini. Ni vizuri tuzungumze kwa ukweli kabla ya ugonjwa kuzungumza nasi.

Ugonjwa unaanza na swali

Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni kwamba haja yake inaonekana. Unampelekea, humsumbui kwa maswali. Lakini katika hospitali nyingi za dunia hii, swali la kwanza mlangoni ni la pesa. Na kwa kuwa watu wanalijua swali hilo tangu nyumbani, wanajijibu wenyewe kabla ya kutoka. Anayejibu "sina" hatoki.

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika juu ya vifo vya akina mama katika uzazi, wakaonyesha kwamba kuna ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza ni wa kuamua: familia inajadili kama iende au isiende. Wa pili ni wa njia: umbali, mvua, kukosa usafiri. Wa tatu ni wa hospitalini: foleni, dawa hazipo, muganga hayupo. Mpango huu unafundishwa hata leo, nasi tunaweza kuutumia kwa malaria ya mtoto, kwa kisukari cha mzee, na kwa kifua cha kijana.

Angalieni ucheleweshaji wa kwanza. Mtoto amepata homa jumatatu. Mama anamfunika, anampa maji. Jumanne anampa vidonge viwili vilivyobaki katika ugonjwa wa mdogo wake. Jumatano bibi anasema aitwe mtu wa mitishamba. Alhamisi mtoto hanyonyi, ndipo watu wanakimbia. Ukiuliza kwa nini hawakuja jumatatu, utaambiwa hawakujua, au ni desturi. Lakini chunguza vizuri. Mtu wa mitishamba hakuomba pesa siku ile. Alikubali kulipwa mwisho wa mwezi, au kwa kuku, au kwa siku mbili za kulima. Duka la dawa lilikubali kuuza vidonge vitatu badala ya kumi. Hospitali peke yake ilitaka malipo yote, kwa mara moja, siku ambayo nyumba haina kitu. Huyo mama hakuwa mjinga. Alikwenda mahali ambapo malipo yalilingana na mfuko wake.

Na sisi Wakongomani tumebeba kumbukumbu nyingine. Huko nyumbani wengi wetu tumeona mgonjwa aliyepona akizuiliwa hospitalini kwa sababu hajamaliza deni. Tumeona mama aliyejifungua akilala wiki na wiki na mtoto wake, mume akizunguka kwa jamaa kuomba franka. Hata serikali ya Kongo imeliona tatizo hilo, na mwaka 2023 ilianza mpango wa uzazi wa bure kutoka Kinshasa. Lakini kumbukumbu haifutwi na tangazo. Mtu aliyeona hospitali ikigeuka gereza anaendelea kuiogopa hata pale ambapo matibabu ni bure. Ndiyo maana wahamasishaji wetu wanakuta wagonjwa majumbani, hatua mia tatu kutoka kituo cha kambi, wakiuliza kwa sauti ndogo: "Na wakinilaza, nani atalipa?"

Nchi iliyotupokea ilijifunza nini

Rwanda yenyewe imepita katika njia hii. Baada ya mwaka 1994 matibabu yalitolewa bure kwa muda. Mwaka 1996 malipo mlangoni yakarudishwa, kwa sababu vituo vilihitaji pesa za dawa na mishahara. Watu wakapungua. Kufikia mwaka 1999 wastani wa nchi ulikuwa ziara 0.25 kwa mtu kwa mwaka, yaani watu wanne kwa ziara moja. Hamwezi kuniambia kwamba katika nchi iliyotoka kwenye vita, watu watatu katika wanne walikuwa wazima mwaka mzima. Waliugua wakabaki nyumbani.

Mwaka huo wa 1999 serikali ilijaribu mituweli katika wilaya tatu za afya: Byumba, Kabgayi na Kabutare. Familia ya watu hadi saba ililipa franka 2,500 kwa mwaka. Mwanachama akiugua, alitoa franka 100 katika kituo cha afya, basi. Baada ya mwaka mmoja wanachama walikuwa zaidi ya 88,000. Na walipowalinganisha wanachama na wasio wanachama wa sehemu zilezile, waliona kwamba wanachama wakiugua walikwenda kutibiwa mara kadhaa zaidi ya wenzao. Ugonjwa ulikuwa uleule, kituo kilekile, barabara ileile. Kilichobadilika ni siku ya kulipa.

Naomba mlishike neno hilo: siku ya kulipa. Bima haiondoi malipo. Inayahamisha kutoka siku ya ugonjwa, ambapo mtu hana nguvu wala akili ya kutafuta pesa, na kuyapeleka siku ya mavuno au siku ya mshahara, ambapo kitu kipo mkononi.

Baadaye mpango ulienea nchi nzima. Kwa hesabu za serikali, kufikia mwaka 2008 zaidi ya watu 8 katika kila 10 walikuwa ndani. Mwaka 2011 waliacha kumtoza kila mtu sawasawa. Maskini kabisa walilipiwa franka 2,000 na serikali na wafadhili. Wa kati walilipa 3,000 kwa mtu. Wenye uwezo walilipa 7,000. Katika kituo cha afya mgonjwa alitoa franka 200, na hospitalini asilimia 10 ya gharama. Mwaka 2015 usimamizi ulihamishiwa kwa RSSB, shirika la taifa la hifadhi ya jamii. Ziara kwa mtu zilipanda mwaka hadi mwaka, zikapita moja kwa mtu. Sitasema mituweli ndiyo iliyofanya yote. Vituo vipya vilijengwa, wahamasishaji waliwekwa katika kila kijiji, vyandarua viligawiwa, na vituo vilianza kulipwa kwa kazi iliyofanyika. Lakini kama mlango ungebaki na bei ileile, wengi wangepita mbele ya vituo hivyo vipya bila kuingia.

Mfano wa kwetu: Bwamanda

Pengine mtu atasema hayo ni mambo ya nchi yenye serikali yenye nguvu. Basi turudi nyumbani. Katika Ubangi, kaskazini-magharibi ya nchi yetu, iko hospitali ya Bwamanda. Mwaka 1986, wakati nchi ikiitwa Zaire, walianzisha bima ya kulazwa hospitalini. Waliandikisha watu mara moja kwa mwaka, katika miezi ile wakulima walipokuwa wameuza mazao yao. Hawakuandikisha mtu mmoja mmoja. Waliandikisha familia nzima, ili nyumba isimlipie mgonjwa tu na kuwaacha wazima. Mwanachama akilazwa, alilipa asilimia 20 ya gharama. Sehemu kubwa ililipwa na mfuko.

Kwa muda wa majuma machache tu, maelfu kwa maelfu ya watu walijiunga. Na mpango uliendelea katika miaka ile ya fedha kushuka thamani kila wiki, miaka ambayo mashirika mengi ya serikali yalianguka. Wanachama walilazwa hospitalini mara nyingi kuliko wasio wanachama. Lakini watafiti waliona pia jambo la pili, nalo ni zito: waliokaa karibu na hospitali walifaidika kuliko waliokaa mbali, ingawa wote walilipa mchango uleule. Kadi iliondoa ukuta wa pesa. Ukuta wa kilometa ulibaki.

Likelemba na kipoyi

Sasa niseme juu ya lile swali la "nilipe ugonjwa ambao sina?" Ninalisikia hasa kwa akina mama wa likelemba, ambao wanajua hesabu kuliko wengi wetu. Katika likelemba kila mmoja anatoa, na kila mmoja anapata zamu yake. Mwisho wa mzunguko umerudishiwa chako. Kwa hiyo mtu akilipa mituweli mwaka mzima bila kuugua, anajiona ameibiwa zamu.

Ndugu zangu, mituweli si likelemba. Mituweli ni kipoyi. Mnakumbuka kule milimani, mgonjwa alipozidiwa usiku, wanaume wa kijiji walimweka katika kipoyi wakambeba hadi barabara kubwa. Waliobeba walitoka jasho. Je, kuna aliyesema, "Nimebeba watu kumi na mimi sijabebwa hata mara moja, nirudishieni zamu yangu"? Kila mmoja alishukuru kwamba yeye hakubebwa. Alibeba kwa sababu alijua siku yake ikija mabega yatakuwepo. Kule Uganda, katika hospitali ya Kisiizi, bima iliyoanza mwaka 1996 ilitegemea vikundi vya namna hiyohiyo, vikundi vya watu wa kijiji waliokuwa wakibebana kwa machela. Hawakuhitaji kufundishwa maana ya bima. Walikuwa nayo mabegani.

Tufanye hesabu ya mfano. Familia 100 zinatoa franka 3,000 kila moja. Mfuko una 300,000. Katika mwaka, familia tano zinapata jambo kubwa, tuseme upasuaji wa uzazi au mguu uliovunjika, kila moja 50,000. Mfuko unatoa 250,000 na kubaki na 50,000. Bila mfuko, kila moja ya familia hizo tano ingeuza mabati, cherehani na chakula cha watoto. Au isingekwenda. Lakini mfano huu una masharti: wazima waingie pamoja na wagonjwa. Wakiingia wagonjwa peke yao, familia 20 zenye magonjwa zitaleta 60,000, na upasuaji wa pili tu utamaliza mfuko. Kwa hiyo yule kijana mwenye nguvu anayesema ataingia akiugua, anasema kwa maneno mengine kwamba kipoyi kibebwe na wagonjwa.

"Watakwenda hata kwa mafua"

Kuna neno la upande wa pili, na tumelisikia kwa baadhi ya wageni wetu wa mashirika, nami nalijibu kwa heshima. Wanasema kitu cha bure hakina heshima. Watu watajaza kituo kwa mafua na mikwaruzo. Afadhali walipe kidogo ili wafikiri.

Jambo hili lilipimwa kwa uangalifu mkubwa Marekani, kati ya mwaka 1974 na 1982, na taasisi ya RAND. Maelfu ya watu waligawiwa kwa bahati nasibu katika bima za namna mbalimbali. Wengine walitibiwa bure kabisa, wengine walilipa robo, wengine nusu, wengine karibu bei yote hadi kiwango fulani. Ni kweli, waliotibiwa bure walitumia zaidi, kama asilimia 30 kuliko wale waliolipa karibu yote. Lakini walipochunguza matibabu ambayo waliolipa waliyaacha, waliona kwamba waliacha yanayofaa na yasiyofaa kwa kiasi kinachokaribiana. Malipo yalipunguza ziara, lakini hayakumpa mgonjwa elimu ya kuchagua. Mgonjwa si muganga. Hajui kama maumivu haya ya kifua ni ya kuchoka au ni ya moyo. Kwa watu wengi wa kawaida afya haikuonekana kuharibika kwa kulipa. Walioumia ni maskini wenye magonjwa, hasa wenye shinikizo la damu: waliotibiwa bure walidhibitiwa vizuri zaidi.

Nanyi mnajua hapa kambini ni nani aliye maskini na mgonjwa kwa pamoja. Ni sisi.

Jaribio jingine lilitokea katika jimbo la Oregon mwaka 2008. Serikali ya jimbo ilikuwa na nafasi kama 10,000 za bima kwa maskini, na watu karibu 90,000 wakajiandikisha. Wakapiga kura ya bahati. Waliopata bima walikwenda kwa daktari zaidi, walipata dawa zaidi, na madeni makubwa ya hospitali yakakaribia kuisha kati yao. Huzuni ya moyo, ile inayomfanya mtu asilale wala asitamani kula, ilipungua sana. Lakini baada ya miaka miwili, vipimo vya shinikizo la damu, sukari na mafuta ya damu havikuonyesha badiliko la hakika. Tena, waliodhani kwamba wenye bima wataacha kukimbilia chumba cha dharura, waliona kinyume chake: walikwenda zaidi.

Nayasema haya ili tusidanganyane. Kadi inampeleka mtu mlangoni. Kinachotokea nyuma ya mlango ni habari nyingine. Mwenye sukari akipokelewa, akapimwa, akaambiwa arudi baada ya mwezi na akakuta dawa hazipo, hatarudi mwezi wa tatu, hata kama kadi yake ni mpya na inang'aa.

Tufanye nini sasa

Kwa ninyi wakaaji wenzangu nina maneno manne.

La kwanza: wakati kituo chetu kinatibu bure, tukitumie mapema. Homa ya mtoto isilale nyumbani usiku wa pili. Mama mjamzito aende kupimwa hata kama hasikii maumivu. Dawa za jirani ni za jirani. Ukizimaliza wewe, yeye hatapona, na wewe hutapona.

La pili: familia inayohamia mjini kwa kazi ishughulikie kadi kabla ya kufunga mizigo, na iandikishe nyumba nzima. Msimwandikishe mzee anayekohoa tu. Mtoto aliyezaliwa jana ni mtu wa nyumba, na jina lake liwe katika orodha. Na mkumbuke kwamba mchango ni wa mwaka; mwaka ukiisha unalipwa tena. Kadi ya mwaka uliopita haimtibu mtu.

La tatu: fuateni ngazi. Mituweli inaanza na kituo cha afya. Muganga wa kituo akiona ugonjwa umemzidi, anaandika karatasi ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya, na hospitali ya wilaya inaweza kuandika kwenda hospitali kubwa zaidi. Anayeruka ngazi na kwenda moja kwa moja hospitali kubwa atatozwa bei yote, kisha atarudi kambini akisema mituweli ni uongo. Panapokuwa na dharura, huo ni wakati wa kuokoa roho kwanza. Lakini kwa ugonjwa wa kawaida, karatasi ni nusu ya dawa.

La nne ni kwa wakubwa wa nyumba. Katika nyumba nyingi pesa inakaa kwa baba, na homa inaonekana kwanza na mama. Kama mama lazima angoje baba arudi kutoka kwa kibarua ili aulize, basi ucheleweshaji wa kwanza tumeujenga kwa mikono yetu. Baba zangu, toeni ruhusa mapema: mtoto akiugua, mama aende. Kadi iwe mahali ambapo mama na binti mkubwa wanapajua, isiwe ndani ya mfuko wa koti lililokwenda mjini.

Kwa Kamati na viongozi wa vijiji: likelemba zetu zinaweza kufanya kazi ambayo bima haifanyi. Bima hailipi pikipiki ya usiku, haimpi chakula mlinzi wa mgonjwa, haiwaangalii watoto waliobaki. Kila likelemba ikitenga kidogo kila mwezi kwa ajili ya njia, tutakuwa tumepunguza ule ukuta wa kilometa uliobaki kule Bwamanda. Nasi katika kamati ndogo ya afya tunaomba kila kijiji kituletee orodha ya wajane, wazee wasio na mtu, walemavu na watoto wanaojitunza wenyewe. Hao ndio wanaoachwa katika kila mpango, kwa sababu hawana mtu wa kusimama katika foleni kwa ajili yao. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa waheshimiwa wageni wetu wa mashirika na wa serikali, tunasema kwanza asante. Mmetutibu miaka mingi, na watoto waliozaliwa katika kituo hiki leo wana watoto wao. Tunajua mifuko yenu imepungua. Lakini tunaomba mambo matatu.

Tunaomba kwamba kama siku moja kambi nayo itaingizwa katika mituweli, tusihamishwe kama mizigo. Tuelezwe kwa lugha tunayoisikia: mchango ni kiasi gani, nani atalipiwa, nini hakilipwi. Katika nchi nyingine wakimbizi wameingia katika bima ya taifa, kama Iran tangu mwaka 2015, na Rwanda imeanza na ndugu zetu wa mijini. Jambo hili linawezekana. Lakini mkimbizi asiyeruhusiwa na hali yake kupata kazi ya kudumu hawezi kupewa bei ya mtu mwenye kazi. Wanyarwanda walijifunza kumlipia maskini kabisa; nasi tunaomba kipimo hichohicho kitumike kwetu.

Tunaomba pia msitumie bei kama fimbo ya kupunguza foleni. Foleni itapungua kweli, lakini mtaona watu walewale baadaye, wakiletwa wamelala. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo utakuwa wa gharama kuliko ufa.

Mwisho tunaomba mgonjwa ajibiwe. Rufaa ikikataliwa kwa sababu pesa haipo, aambiwe hivyo uso kwa uso, na kwa heshima, ili familia ijue la kufanya. Mtu anayezungushwa kutoka meza hadi meza kwa miezi anajifunza somo moja tu: kutokurudi. Na somo hilo atalifundisha nyumba nzima na majirani wa pande zote mbili.

Ndugu zangu, tulipofika hapa hatukuwa na kitu, na bado tulibebana. Aliyekuwa na sufuria aliipitisha nyumba hadi nyumba. Aliyekuwa na turubai pana alimkaribisha asiye nayo. Hakuna aliyetufundisha hilo katika semina. Leo tunaombwa kufanya jambo lilelile kwa karatasi na kwa mchango wa mwaka, pamoja na watu wa nchi iliyotupokea, tukiwa mabega mapya katika kipoyi kilekile. Mwenye afya ashukuru Mungu, atoe sehemu yake. Mgonjwa asiulizwe maswali mengi. Apelekwe.

Kabla ya kukaa, nawakumbusha kwamba wahamasishaji wa afya watakuwa chini ya mti karibu na ofisi ya Kamati hadi saa kumi na moja jioni. Mwenye mtoto au ndugu anayesoma au kufanya kazi nje ya kambi alete jina na namba ya kadi ya familia, ili tupeleke orodha moja iliyo kamili. Mzee asiyeweza kutembea atume mjukuu, tutamfuata nyumbani.

Mungu awalinde wagonjwa wetu, na awape nguvu wanaowauguza.